Fundi Cherehani Anaitwa Timu ya Taifa

Fundi cherehani wa mtaa wetu ni mrefu hata dukani kwake anaingia ameinama. Kocha mmoja wa ligi kuu ya kikapu alipopeleka suruali ikapunguzwe, alimtazama juu mpaka chini, akamsajili palepale bila kumwuliza kama amewahi kushika mpira.

Msimu mzima fundi alikalia benchi.

"Baba watoto, leo umecheza?" mkewe alimwuliza kila Jumapili.

"Nimevaa jezi," alijibu.

Katika mechi ya mwisho wenzake walitolewa kwa faulo mmoja mmoja, naye akaingizwa timu yake ikiongoza kwa pointi moja. Mpira ukamfikia, akaona kikapu kiko karibu, akautumbukiza kwa mikono miwili na kushangilia. Kumbe kikapu kilikuwa chao wenyewe. Filimbi ikalia, wakafungwa.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Ila kamati ya timu ya taifa haikufika uwanjani. Ilisoma orodha ya vimo tu, na Jumatatu ikamwita kambini.

"Nenda tu, mume wangu," mkewe akasema, akimkunjia soksi. "Lakini ukifika, uliza kwanza kikapu chetu ni kipi."