Maharage Mabichi ya Mzazi wa Wodi ya Pili

Siku ya kwanza nilipoingia jiko la hospitali, mjini Tanga, miaka ya hamsini ilipokuwa bado michanga, nilikwenda nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nilidhani kazi ya serikali huanza kwa kuvaa vizuri. Mpishi Mkuu, Mpemba mnene tuliyemwita Mzee Makame, alinitazama tangu kofia hadi makubadhi.

"Umekuja kupika au kuoa?" akaniuliza.

Akanipa aproni na kapu zima la maharage mabichi, akaenda zake. Jina la hospitali ile sitalitaja. Wenzangu waliobaki wanaijua.

Nyinyi vijana mnayanunua maharage hayo sokoni bila kushangaa. Nasema yale machanga ya kijani, yanayoliwa pamoja na ganda lake. Wakati ule yalitushukia kwa lori kutoka milima ya Lushoto, na wengi wetu wa pwani hatukuwa na habari nayo. Mboga zetu zilikuwa kisamvu, mchicha, matembele na kunde. Nilifundishwa kuyaosha kwanza, ndipo nikate ncha zote mbili, nivute ule uzi wa ubavuni, kisha niyakate vipande vya urefu wa kidole. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, uzuri wake unakwenda na maji.

Hilo la maji ndilo lililonitia aibu. Kwetu Pongwe, mbaazi kavu huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, ndipo zikabandikwa tena. Mama yangu alifanya hivyo ili tumbo lisijae upepo, na mwana hufuata alichokiona. Basi nami nikayachemsha yale maharage machanga, nikamwaga maji, nikayabandika tena mpaka yakalegea kabisa, nikamwaga tena. Nilijiona hodari.

Akaja Metroni kukagua. Metroni ndiye mkuu wa wauguzi, na huyu wetu alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mrefu, mwenye Kiswahili cha kuamrisha tu.

"Maji yake iko wapi?"

"Nimemwaga, memsahib."

"Wewe namwaga dawa. Sasa wagonjwa nakula kamba."

Jiko zima likacheka, na Mzee Makame akacheka kuliko wote. Lakini jioni yake aliniketisha akanieleza. Mboga hii ina vitamini, yaani zile nguvu zisizoonekana ambazo mwili unazihitaji kidogo kidogo ili vidonda vifunge na fizi zisitoke damu. Baadhi yake huyeyuka katika maji, na moto mrefu huziua. Ina kitu kinachosaidia mwili kutengeneza damu, ndiyo maana wajawazito na wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, hupewa. Ina makapi yanayolainisha choo, na kwa mgonjwa aliyelala kitandani wiki nzima hiyo si faida ndogo. Mabichi kabisa yasiliwe, yanavuruga tumbo. Yapewe dakika kumi hivi, maji kidogo, sufuria ifunikwe, na yale maji yaliwe.

Mwaka wangu wa pili akaletwa wodi ya pili mzazi mmoja kutoka Mwera, upande wa Pangani, jina lake Mwanaidi. Alikuwa amejifungua salama mtoto wa kiume, lakini damu nyingi ilimtoka. Ukivuta kope lake la chini, ndani palikuwa peupe. Daktari alimwandikia vidonge vya kuongeza damu, na kila akivimeza juu ya tumbo tupu, alivitapika. Na tumbo lilikuwa tupu kwa sababu mama yake, Bi Rukia, alikaa kando ya kitanda kama askari wa boma. Katika siku arobaini za uzazi, alisema, mzazi hali vitu vya baridi, na mboga za majani ni baridi. Akamnywesha uji wa pilipili manga tu. Sahani zangu zilirudi kama zilivyokwenda.

Daktari alisema wazi kwamba bila kula, binti yule hatapona. Bi Rukia naye akatangaza kwamba Ijumaa wanamchukua, gari limekwisha kuahidiwa. Ilikuwa Jumanne. Metroni aliniita.

"Sahani narudi tena imejaa, wewe naosha sufuria tu, basi."

Nilikasirika, sitaficha. Nilijiuliza kosa langu ni lipi ikiwa mtu hataki kula. Nilichukua sahani mwenyewe nikaenda wodini, nikiwa nimeshaandaa maneno makali. Nikamkuta binti amelala, midomo imekauka, mtoto analia kifuani hapati kitu. Maneno yale yakaniishia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kama umeleta yale majani yako, yarudishe ulikoyatoa."

"Nitayarudisha. Lakini mimi ni mpishi, nataka kujifunza. Chakula cha baridi kikitiwa nini huwa cha moto?"

Akanitazama kwa muda, akitafuta dhihaka usoni mwangu.

"Pilipili manga," akasema. "Tangawizi. Thumu. Na kikapikwe na mtu mwenye akili."

"Basi njoo unisimamie, maana hiyo ya mwisho sina uhakika nayo."

Akatabasamu kidogo, akainuka. Kuingiza mgeni jikoni ilikuwa marufuku kabisa. Nilimpitisha mlango wa kuingizia kuni. Akatwanga tangawizi na thumu, yaani kitunguu saumu, mimi nikakuna nazi. Tukayabandika maharage na kitunguu na maji kikombe kimoja, tukafunika. Yalipoanza kulainika nikatia tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, na mwisho kasimile, yaani tui zito la kwanza, likachemka mara moja tu. Yeye akanyunyiza pilipili manga mpaka nikapiga chafya. Sikumwaga hata tone.

Metroni akaingia wakati huohuo.

"Huyu nani?"

Mzee Makame akajibu bila kugeuka kutoka kwenye sufuria yake ya wali: "Mwalimu, memsahib. Mimi nimemwita." Wala hakumwita. Kwa uongo ule namwombea mpaka leo.

Metroni akachukua kijiko, akaonja, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Maji?"

"Yamo humo humo."

"Peleka."

Siku ile Mwanaidi alikula nusu sahani, na vidonge vikakaa tumboni. Kesho yake alimaliza. Ijumaa gari lilikuja, na Bi Rukia mwenyewe akalirudisha. Sisemi maharage ndiyo yaliyomponya, wala nyinyi msiseme hivyo. Vidonge vya daktari vilifanya kazi yake, na samaki na mayai yalifuata. Lakini mlango ulifunguliwa na sahani ile. Alitoka wodini kwa miguu yake, amembeba mwanawe.

Baadaye nilipelekwa Pangani, kisha Mwera kwenye kituo kidogo cha wazazi, halafu nikarudishwa Tanga nikawa Mpishi Mkuu hadi kustaafu. Sasa nina bustani ya mboga na wajukuu wasiopenda mboga. Watu huniuliza kazi ile ilinifaa nini, kupika miaka yote bila kupata nyumba ya ghorofa. Ilinifaa. Niliipenda, na nililala usingizi mzuri. Lakini wakinibana niwatajie siku moja tu, sitaji siku ya maharage. Nataja siku moja ya Mwera.

Bi Rukia alikuja kunitembelea pale kituoni, amekwisha kuzeeka. Nikamtania kwamba alinitesa kwa sahani zangu. Hakucheka.

"Mwanaidi alikuwa binti yangu wa pili," akasema. "Dada yake alijifungua kabla yake. Siku ya kumi na mbili alitamani chungwa. Nikamwonea huruma, nikammenyea. Usiku akashikwa na homa, siku ya tatu akafa. Niliambiwa nimemwua kwa ubaridi. Tangu siku ile mimi chungwa sijatia kinywani."

Ile homa niliijua. Nilikwisha kuiona wodini mara nyingi, na daktari alikwisha kutueleza inavyoingia kwa mzazi.

"Mama," nikamwambia, "chungwa haliui mzazi. Hospitalini tuliwapa kila asubuhi. Ile ilikuwa homa ya uzazi, inatoka kwenye uchafu unaoingia kwenye kidonda cha uzazi. Haikutoka mkononi mwako."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Twende kwa daktari ukamwulize."

Hakutaka kwenda. Alilia kwa muda mrefu, nami sikumnyamazisha. Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaniuliza kama jikoni mwangu kuna chungwa.