Walipokuja Kuniulizia

Kwetu mtu akipeleka posa hajibiwi siku hiyohiyo. Anaambiwa asubiri, na katika kusubiri huko anauliziwa mitaani bila mwenyewe kujua. Mjomba wa binti anatumwa, anazunguka taratibu, anauliza kwa muuza genge, anauliza msikitini, kisha anarudi na neno moja. Haya yote niliyajua, na bado nikajiona mjanja.

Binti mwenyewe alikuwa wa Buguruni, kwao wana duka la jumla tangu enzi za babu yake. Nilimwambia naishi Kinondoni na kazi yangu ni kutengeneza matangazo kwenye kompyuta. Kinondoni alikaa rafiki yangu. Mimi nililala Chang'ombe, nyuma ya banda la baba, na kazi yangu ilikuwa kuchonga vinyago vya mpingo kama yeye. Kila nikienda kumwona nilisugua kucha kwa mafuta ya taa mpaka vumbi jeusi litoke, nikajimwagia marashi, nikavaa saa kubwa na miwani ya jua. Leo nikijikumbuka natamani kujizaba kofi.

Posa ikapelekwa, na wiki ile ya kusubiri sikutulia. Niliwapanga majirani wa rafiki yangu mmoja mmoja, nikawafundisha la kusema. Hakuna aliyekuja kuwauliza. Siku ya tatu kimya kile kikaanza kunitisha, nikawa nageuka kila nikisikia viatu nyuma yangu.

Baba naye alikuwa na wiki yake. Alifagia banda kila asubuhi, akawa anakuja kazini na shati lake la Idi. Nilimuuliza anaenda wapi. Akacheka, akasema wageni hawabishi hodi mara mbili. Niliona aibu na lile shati, Mungu anisamehe.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, mzee mwenye kanzu safi alisimama mlangoni. Nilikuwa nimeshavaa, nataka kutoka. Baba alikuwa chini kwenye mkeka, gogo kalibana kwa miguu, tezo mkononi.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Nyie ndio mafundi wa hapa?"

Aliitazama saa yangu, kisha akanitazama vidole. Mdomo ukatangulia.

"Aah, mie napitaga tu, mzee. Ofisi yangu iko Kinondoni. Huyu fundi namtafutiaga wateja."

Tezo ikanyamaza. Mgeni akaingia ndani, akainama mbele ya baba.

"Nimetokea Buguruni. Kuna kijana kaposa kwetu. Wazee walioleta posa wametuambia baba yake anachonga hapa. Ni wewe?"

Wale wazee! Washenga wangu walikuwa marafiki wa baba. Waliulizwa, wakasema kweli, kwa kuwa sikuwahi kuwaambia kwamba nimedanganya. Majirani wote wa Kinondoni niliwapanga, hao nikawasahau.

Baba aliweka tezo chini. Aliniangalia mimi. Ningeweza kusema neno moja tu, na nafasi nilipewa, ndefu kabisa. Nikaangalia simu.

"Hapana," baba alisema. "Mie fundi tu."

Mgeni akatushukuru wote wawili, akaondoka polepole kuelekea barabarani. Baba akaendelea kuchonga. Nilikaa pale mpaka magharibi nikijua kuna jambo linakuja, na sikuweza hata kumwomba radhi.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, washenga walikuja bandani na majibu. Mkubwa wao alikataa kukaa.

"Wametukatalia," alimwambia baba. "Wanasema hawamwozeshi binti yao kijana asiye na baba. Mbona sielewi? Asiye na baba vipi? Jana walipokuja, wewe ulikuwa wapi?"

Baba hakuinua macho kwenye gogo.

"Nilikuwepo," alisema.