Nakala ya Akiba Niliyoihifadhi Mahali Salama

Leo nimefuta nyimbo za harusi ya shemeji yangu kwa kufuata taratibu zote za usalama.

Laptopu yangu kuukuu haina sehemu ya kuwekea CD, kwa hiyo Linux, mfumo mpya niliotaka kuiwekea, ilipaswa kuingia kwa flashi. Flashi pekee niliyoipata hapa Nyakakika ilikuwa ya mama mkwe, yenye nyimbo kumi na mbili za kwaya ya kina mama, za kupigwa Jumamosi shemeji akiolewa.

Sikukurupuka. Nilizinakili nyimbo zote mahali salama, nikazihesabu mara mbili, ndipo nikaifuta flashi na kuiandaa.

Linux ikauliza kwa adabu kama ifute diski yote ya laptopu. Nikakubali.

Ilipofika asilimia arobaini, nikakumbuka mahali salama ni wapi.

(Naam. Humo humo kwenye laptopu.)

Nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unaniamkia mara ya pili?"

Nikaeleza. Hakuacha kumenya.

"Aliyezifuta ni wewe, walioziimba wapo. Kesho saa tisa watakuja kurekodi upya. Ila kabla hawajaimba, mkwe, utasimama uwaeleze sababu. Kwa Kinyambo, wale bibi wa sauti ya tatu waelewe vizuri."

Linux, kwa kweli, inafanya kazi vizuri mno.

Wanyambo mliomo humu, nisaidieni kabla ya saa tisa: "nakala ya akiba" tunaiitaje? Neno la "mjinga" msihangaike nalo, mama ameshanifundisha.