Mkaguzi wa Chama cha Kuzikana

Bernadeta tuliimba naye sauti ya pili parokiani. Mama mpole, muuza maandazi pale Kirumba. Mumewe, Shimba, alikuwa askari wa zimamoto, na kwa miaka kumi na mmoja alikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya chama cha kuzikana cha polisi na zimamoto. Akafa Januari 1994, kwa malaria, si kwa moto. Moto wenyewe gari lao lilikuwa likiukuta umeshajizimia.

Mjane akapewa miezi miwili ahame kota. Kiwanja walikuwa nacho Buswelu, na kuta za matofali mabichi zimesimama, ila bati hamna. Masika ikizikuta kuta hizo wazi, zingerudi kuwa udongo. Kwa hiyo akafuata mafao yake.

"Fedha zipo, shemeji," alisema mhazini, Koplo Josephat. "Zinazunguka tu."

Siku hizo za soko huria kila kitu kilikuwa kinazunguka. Bernadeta naye akazunguka wiki sita, hadi akaenda kwenye mkutano wa chama, bwaloni.

"Shikamooni wazee. Fedha za Shimba zimezunguka zikafika wapi?"

Mwenyekiti akainua katiba. "Mama, hapa hakuna ubabaishaji. Imeandikwa, hesabu zitakaguliwa na mkaguzi kila mwaka. Na zimekaguliwa."

"Na nani, baba?"

Akasimama Rwekaza, Mkaguzi wa Polisi, nyota zinang'aa begani. Mungu anisamehe, nilicheka Bernadeta aliponisimulia. Katiba ilitaka mkaguzi, na mwenye cheo cha Mkaguzi humo chamani alikuwa yeye peke yake. Basi akasaini hesabu miaka sita.

"Ulikagua nini, afande?" Bernadeta akauliza.

"Daftari. Jalada safi, hakuna ukurasa uliochanika, mwandiko umenyooka."

"Na kujumlisha?"

"Kujumlisha ni kazi ya mhazini, mama. Mimi nakagua."

"Hukulipigisha gwaride?" akapaza sauti Kija wa zimamoto, na bwalo zima likaangua kicheko. Polisi walewale wanaonusa mtungi wa gongo uliofukiwa chini ya jiko la mwanamke maskini, miaka sita hawakunusa daftari la koplo wao.

Kija akalichukua, akajumlisha kwa kidole, akapotea, akarudia. Zaidi ya nusu ya fedha haikuwepo. Josephat akabanwa mpaka akataja banda la video la Buzuruga.

"Ni mradi wa chama!"

"Limeandikishwa kwa jina la nani?"

"La... mke wangu."

Mwenyekiti akafuta jasho, akaamua mjane aanze kulipwa mabati ya banda hilo, na fedha zinazobaki Josephat akatwe kwenye mshahara.

Jumamosi zimamoto wakafika na ngazi yao ndefu. Ndani watu wanatazama karate. Bati la kwanza likang'oka, jua likaingia, picha ikafifia, watazamaji wakadai viingilio vyao. Mabati thelathini yakapakiwa kwenye gari la zimamoto, ambalo kwa kukosa maji halikuwa na uzito wowote.

"Shemeji, niachie hata nusu!" Josephat akasihi. "Wateja wanaungua jua."

"Pole, shemeji," Bernadeta akajibu kwa upole wake uleule. "Waambie wavumilie, mvua inakuja."

Ilinyesha Alhamisi, nyumba ya Buswelu imeshaezekwa. Matundu ya misumari ya zamani Bernadeta alikuwa ameshayaziba kwa lami, na watoto wake wakalala pakavu.