Mwalimu Tusa Alivyochukuliwa na Mdundiko

Mke wangu Tusajigwe ni mwalimu wa Hisabati, mzaliwa wa Tukuyu, na katika miaka yote niliyoishi naye hapa Tandika sijamsikia akirudia neno. Ukimuuliza mara ya pili chumvi iko wapi, utakula bila chumvi. Darasani kwake hasinzii mtoto, kwa sababu wote wanajua kwamba kilichopita kimepita. Mimi ni fundi wa mafriji, mtu wa kugonga na kugonga tena, na nampenda hivyo hivyo alivyo.

Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa jirani kama Bi Mwajabu.

Bi Mwajabu ni Mzaramo wa hapa hapa, na ndiye kiongozi wa mdundiko mtaani kwetu. Ikiwepo harusi, au mwali akitolewa ndani, ngoma zinatoka na kuzunguka mitaa kwa miguu. Yeye mbele anatoa mstari mmoja, umati nyuma unaitikia mstari mmoja, na wanakwenda hivyo kuanzia adhuhuri mpaka jua linapunga. Mstari haubadiliki. Tusajigwe alikuwa akifunga madirisha yote, na joto lenyewe mnalijua.

“Wimbo una sentensi mbili,” aliniambia. “Wameshasema, tumeshasikia. Wanataka nini tena?”

Mwaka huu uvumilivu ukamwishia. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwishehe, akaomba ngoma zisipite tena kwetu. Mwenyekiti akamwambia alete ushahidi wa hiyo kero, kisha atawakalisha pande zote mbili. Jambo halikuwa dogo. Naima, mjukuu pekee wa Bi Mwajabu, alikuwa ndani akifundwa, na siku yake ya kutolewa ilikuwa inakaribia. Mke wangu akishinda, mtoto yule angetolewa kimya kimya kana kwamba nyumba ina msiba. Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba kelele ni kelele. Nilikasirika kweli, tukanyimana salamu mpaka chai ya asubuhi.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi mtaa wa pili. Ngoma zilipokaribia, Tusajigwe alikuwa jikoni anakoroga maharage. Akachukua simu, akawasha kurekodi, akatoka na kandambili zake, mwiko bado mkononi.

“Nachukua dakika mbili tu za ushahidi,” akasema.

Maharage yakaungua. Nikazima jiko, nikatoka nje, sikuona mtu. Huku Temeke hakuna asiyejua kwamba mdundiko unachukua watu. Watoto wanatangazwa misikitini wamepotea, kumbe walifuata ngoma. Mama mzima anaacha chungu motoni akaibukia asikokujua. Lakini sikuwahi kuwaza kwamba ungembeba mwalimu wa Hisabati. Nilipanda bodaboda, nikawa nauliza njiani ngoma imeelekea wapi.

Niliwakuta Mtoni Mtongani, mwendo mrefu kutoka kwetu. Mke wangu alikuwa katikati ya akina mama, mwiko juu, simu mkono wa pili, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona siku nyingi.

“Tusa, uko Mtongani,” nikamwambia.

Akatazama maduka asiyoyafahamu. “Acha utani wako. Nimetoka nyumbani sasa hivi.”

Tulirudi na bajaji. Karibu na nyumbani akasema, “Mwanzoni nilikuwa nasikiliza maneno. Baadaye maneno yakaisha. Nikawa nasikia pale tu Bi Mwajabu anaponyamaza, maana hapo ndipo zamu yangu.” Kisha akajirekebisha. “Zamu yao.”

Kumbe ukaidi wa Tukuyu haukuisha. Aliutuma ule ushahidi kwa mwenyekiti bila kuusikiliza, eti ahadi ni ahadi.

Kikao kilikuwa Jumatatu ofisini kwa mwenyekiti. Bi Mwajabu alikuja na khanga mpya, akakaa wima kama mwenye nyumba. Mke wangu akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba bila tabasamu. Mzee Mwishehe akaiweka simu yake mezani na kuifungulia sauti.

Kwanza tukamsikia Tusajigwe akisema kwa sauti ya darasani, “Ushahidi wa kero, Tandika.” Bi Mwajabu akatoa mstari wake, “Mama, njoo umwone,” na umati ukaitikia, “Nimekuja, nimemwona.” Ikawa hivyo tena na tena. Baadaye tukasikia kandambili, pa, pa, pa, zikifuata ngoma. Kisha mtu akaanza kuguna pole pole. Na mwishowe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na simu, ikafunika sauti zote sauti ya mke wangu, na lafudhi yake ya nyumbani: “Nimekuja, nimemwona.”

Mwenyekiti hakuizima. Hata mimi niliyezoea kumtania nilishindwa kucheka, maana nilimwona mke wangu akitazama meza na midomo yake ikiufuatisha wimbo. Kisha akainua uso.

“Mzee, kelele kubwa kuliko zote humo ni yangu,” akasema. “Na siku ile nilifurahi, siwezi kusema uongo. Ombi langu naliondoa.”

Mzee Mwishehe akamgeukia Bi Mwajabu, amuulize kama ana neno. Bi Mwajabu alikuwa bado anaisikiliza simu, kichwa kimeinama upande.

“Sauti anayo,” akasema. “Ila Mwalimu unaitikia mapema, unaniingilia sijamaliza. Mjukuu wangu anatoka Jumamosi, na mie aibu siitaki. Njoo Alhamisi nikuweke sawa.”

Nilimtazama mke wangu nikidhani atakasirika, maana yeye ndiye huwasahihisha watu.

“Saa ngapi?” akauliza.