Siku Nilipokataa Leso ya Mama Salome

Mnicheke tu. Mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka mbavu zikaniuma, ila naomba mnicheke mkijua kwamba siku ile nilikuwa na akili zangu timamu, sikuwa na homa, sikuwa nimerogwa, na nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo, yaani mtu anayetarajiwa kujua kwamba kitu chenye maji kikizungushwa kwa kasi, maji hayo yataenda mahali fulani.

Haya. Chuoni kwetu hapa Voi humalizi kwa kuandika karatasi ikafungiwe kabatini. Lazima uunde kitu, kitu cha chuma kinachoguruma, ukipeleke kwa watu wenye shida yao wakijaribu mbele ya mwalimu. Mimi na mwenzangu Mutiso (anachomelea vyuma tangu akiwa shule ya upili, na mdomo wake haujui kupumzika) tulichagua migomba. Kule Taveta mkungu ukishakatwa, gogo la mgomba linaachwa lioze shambani, na kumbe ndani yake mna nyuzi ngumu za kusukia kamba na vikapu. Kikundi cha akina mama, mwenyekiti wao Mama Salome, kilikuwa kinazikwangua kwa kisu, mtu anapoteza asubuhi nzima kwa gogo moja. Basi tukawaundia mashine, injini ndogo ya petroli inayozungusha ngoma ya chuma yenye mapanga butu, unaingiza ganda la mgomba, unalivuta, nyama zote zimepukutika, unabaki na nyuzi mkononi. Miezi saba tuliihangaikia.

Mwalimu wetu, Daktari Nyambu, alituambia wazi. "Mimi sitoi alama. Watatoa akina mama. Wakiweka sahihi kwamba wanaikubali mashine, mmemaliza. Wakikataa, tutaonana mwaka ujao."

Mwaka ujao! Na mamangu alikuwa ameshaanza kualika watu kwenye mahafali.

Siku yenyewe nikaazima blauzi ya mama, nyeupe pe, ya kitambaa kizito, ile anayoivaa akiimba kwaya sikukuu kubwa tu. Nilikuwa nawaza picha, nikamwambia na Mutiso avae shati jeupe ili tuonekane wahandisi. Daktari naye alikuja amepiga kaunda suti ya rangi ya maziwa (si kwa heshima yetu, alikuwa akitoka pale anapanda milimani hadi Mghange kumposea mpwa wake, na yeye ndiye msemaji wa ukoo).

Tulipofika shambani nikavunjika moyo. Akina mama wote walikuwa wamejifunga leso kuukuu, nyeusinyeusi, zenye mabaka ya kahawia, vichwani vitambaa ambavyo mimi nisingepangusia hata injini. Nikasema moyoni, jamani, siku kubwa kama hii hamkuwa na kitu kisafi? Mama Salome, mama mfupi mwenye sauti nzito, akanijia na leso tatu mkononi.

"Wakio mwanangu, chukua ujifunge. Hizi nyingine ni za mwenzako na mwalimu."

Nikaitazama ile leso na mabaka yake, nikaitazama blauzi ya mama. "Asante Mama, lakini mashine yetu ina kifuniko. Haitoi hata tone."

"Hata tone?"

"Hata moja."

"Haya," akasema, akazikunja vizuri akazitia kwapani. (Ukimsikia mama wa Taveta akisema haya kwa sauti ile, simama ufikirie upya maisha yako. Mimi sikujua.)

Na kweli, mwanzoni mambo yalikwenda vizuri ajabu. Mutiso akavuta kamba, injini ikaitika, tukaingiza ganda la kwanza, nyuzi zikatoka ndefu, safi, zinang'aa, akina mama wakapiga vigelegele na Mutiso akaanza kucheza. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na hadithi. Lakini Daktari akainama, akachungulia, akasema, "Wakio, huko ndani kunatendeka nini? Hatuoni kitu."

Nikaona hapa ndipo pa kung'aa. "Mutiso, zima. Nipe spana."

Mutiso akaacha kucheza. "Wakio, wachana na hiyo kifuniko. Iko hapo na sababu."

"Ni dakika moja tu."

Bolti nne nikazifungua kwa mkono wangu mwenyewe. Kifuniko nikakiweka chini. Halafu nikamshika Daktari mkono, kwa adabu zote, nikamsogeza mpaka mbele kabisa, mahali pa kuona vizuri. Wakati huo akina mama wote walirudi nyuma hatua nne kwa pamoja bila mtu kuwaambia, nikadhani wanaogopa injini, nikawapigia kelele, "Msiogope, akina mama, karibuni!" Hakukaribia hata mmoja.

Mutiso akavuta kamba tena, nami nikachagua ganda nene kuliko yote nikalisukuma ndani.

Jamani. Ile ngoma ililinyakua na kulirudisha lote kwetu likiwa majimaji na vipande, yakatupiga usoni, kifuani, masikioni, Mutiso akawa anapapasa swichi amefumba macho, na mimi nimeduwaa bado nasukuma (mikono ilikuwa inaendelea na maonyesho, akili ilishaondoka). Injini ikazimika. Daktari alivua miwani polepole. Kwenye sharubu zake kulining'inia kipande cha mgomba. Kisha akacheka, tukacheka wote, na mimi nikashukuru Mungu kwamba yameisha.

Mama Salome hakucheka. "Vueni mfue sasa hivi kabla hayajakauka. Ndoo ile pale."

Daktari akanigeukia. "Wakio, hii ni nini?"

Mngekuwa ninyi mngemsikiliza nani, mama aliyezeeka kwenye migomba au msichana wa Voi anayezijua ndizi kwa kuzinunua sokoni? Mimi nikajibu kwa sauti ya darasani, "Ni maji tu, Daktari. Kitaalamu gogo la mgomba ni maji matupu. Kwa jua hili yatakauka sasa hivi."

Na kwa macho yalikuwa maji kweli, hayana rangi, hayana harufu ya kutisha. "Umesikia, Mama?" Daktari akasema kwa furaha. "Maji."

"Haya," akasema Mama Salome. Ya pili hiyo.

Tukaketi kula, wali, kuku na ndizi za nyama, na nguo zikakauka kweli kama nilivyosema. Wa kwanza kushtuka alikuwa Mutiso. Akaninong'oneza, "Wakio, umejimwagia chai?" Nikamwambia sijanywa chai. Nikatazama kifua changu nikaona vidoa vidogo vya rangi ya udongo, nikavisugua, vikabaki. Nikamtazama yeye, shati lake limekuwa kama chapati. Nikaogopa kumtazama Daktari, na papo hapo Daktari akasimama kutoa shukrani.

Aliongea vizuri sana. Alisema kijana msomi anajulikana kwa unadhifu wa kazi yake. Na kadiri alivyoongea ndivyo suti ilivyozidi kukolea, kahawia kifuani, kahawia mapajani, akina mama wamejifunika leso midomoni na mabega yanatikisika, mpaka mmoja akashindwa akakimbilia nyuma ya nyumba. Daktari akafuata macho yao. Akajitazama kutoka juu hadi chini.

"Wakio."

"Naam, Daktari."

"Maji yako yameiva."

Nilitamani ardhi ipasuke. Tulijaribu sabuni, ndimu, majivu, madoa yakazidi kupendeza. Saa ya posa ilikuwa inakimbia, na Mghange si hapo jirani. Mwisho Mama Salome akaleta koti la mumewe, ambaye ni pande la mtu, Daktari naye ni mwembamba kama fito, mikono ya koti ikafika kwenye kucha. Suruali haikuwa na mbadala. Akiwa mlangoni mwa gari hivyo hivyo, akakumbuka kazi iliyomleta. "Akina mama, mashine mnaikubali?"

Nikamtazama Mama Salome.

"Mashine tunaitaka," Mama Salome akasema, "hata leo isiondoke. Lakini sahihi siweki."

"Kwa nini?"

"Aliyeiunda haujui mgomba. Ikiharibika kesho tutamweleza nini? Akae nasi wiki mbili, yeye na huyu kijana, wakate, wabebe, wakwangue. Halafu lete kalamu."

Tukakaa. Siku ya kwanza alinipa leso ile ile, nikaipokea kwa mikono miwili. Nilikwangua mpaka viganja vikawa vyeusi, na siku ya tano, tukila miwa, Mama Salome akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Hicho kifuniko, si ungekitoboa dirisha ukaweka plastiki ngumu ya kuonea?" Miezi saba! Michoro kurasa arobaini! Hakuna aliyefikiria dirisha. Tuliliweka kesho yake, na wiki ya pili ilipokwisha akatia sahihi.

Daktari naye posa ilikubaliwa. Alitueleza kwamba wazee wa Mghange waliitazama ile suruali kwa muda, wakatazamana, kisha mmoja akasema, "Huyu ametoka kazini, mpeni kiti cha mbele."

Mamangu alizaliwa Mghange, nyumba imezungukwa na migomba, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza kitu. Niliporudi nyumbani aliishika blauzi yake akasema, "Yaani nimezaa mtu anayeita utomvu maji? Hii sasa ni yako, na utaivaa siku ya mahafali." Nikaivaa, chini ya joho.

Tangu hapo niliapa, na sijavunja kiapo, mtu akinipa leso najifunga kwanza, maswali baadaye.

Siku hiyo ya mahafali nilimwona mama mmoja akija katikati ya umati, nyeupe kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, hana hata alama, anang'aa kuliko maharusi. Sikumtambua mpaka niliposikia sauti yake nzito ikiniita.

"Mama Salome! Kumbe una nguo nyeupe?"

"Ninazo tatu. Leo hakuna mgomba."

Akanikumbatia, joho likafunguka, akaiona blauzi. Akagusa doa moja kubwa kwa kidole.

"Maji hayo?"

"Maji, Mama."

"Haya," akasema.