Hamsini na Tisa Nukta Nne Sita

Miaka ya tisini, nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya kusomesha hesabu, nilipanga chumba cha ghorofani huko Ndia Kuu. Chini yangu aliishi mjane mmoja na binti yake. Mama alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga kila jioni kule ufukweni, barabara ya Mama Ngina. Binti nilimsomesha mwenyewe hadi akamaliza sekondari. Hakuwa mwepesi wa hesabu, lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa. Ukimwambia amekosea, alifuta, akaanza upya bila kununa.

Alitaka kuwa muuguzi. Chuo alichoomba kilikuwa na mtihani wa kuingilia, na sharti lilikuwa wastani wa sitini, baada ya kukadiriwa hadi nambari nzima iliyo karibu.

Matokeo yalibandikwa ukutani pale chuoni, upande wa Mbaraki. Alasiri ile alinigongea mlango huku akicheka, mama yake nyuma yake akijifuta mikono kwa leso.

"Nimepita, mwalimu. Hamsini na tisa nukta nne sita."

Nilikwisha kumpa mkono wa hongera ndipo nambari ikaniingia akilini.

"Umekadiria vipi?"

"Ile sita yazidi tano, kwa hivyo nne inakuwa tano. Tumepata hamsini na tisa nukta tano. Nukta tano hupanda, basi ni sitini."

Alieleza vizuri, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinijibu nayo darasani. Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Haikadiriwi mara mbili," nikamwambia. "Ukitaka nambari nzima, watazama tarakimu moja tu, ile inayofuata nukta. Hiyo ni nne. Nne haipandishi."

"Na sita?"

"Sita haitazamwi."

Aliutoa mkono wake polepole. Mama yake, ambaye masomo yake yote yalikuwa ya chuo cha Qurani, aliuliza nini kimetokea. Nikachukua karatasi, nikamchorea mstari: huku hamsini na tisa, huku sitini, na alama katikati. Kisha nikaweka nukta ya binti yake, nyuma kidogo ya katikati. Akajaribu kutia kidole baina ya nukta na alama.

"Mwalimu, hapa hata kidole hakipiti."

"Hakipiti, mama."

"Na ndiyo basi?"

Nikaihesabu tena mbele yake kwa sababu aliniomba, nikijua itatoka vile vile.

Jumatatu nilikwenda chuoni. Msajili alikuwa mama mtu mzima, mpole, akanikaribisha kiti na kuniuliza habari za nyumbani. Nilimweleza habari za msichana yule, bidii yake, na jinsi alivyomuuguza baba yake mpaka akafariki. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, wewe wasomesha somo gani?"

"Hesabu."

"Basi niambie wewe. Hamsini na tisa nukta nne sita, hadi nambari nzima, ni ngapi?"

Ningeweza kunyamaza, lakini kunyamaza nako kungekuwa jibu.

"Hamsini na tisa."

"Nami sina nambari nyingine ya kuandika," akasema. Hakusema kwa kiburi. Nadhani naye ilimuuma. Akanisindikiza hadi mlangoni.

Binti hakulia mbele yangu. Alisema atajaribu tena, nasi tukaanza kusoma jioni, mama yake alipokuwa kazini. Kabla mtihani haujafanywa tena, shangazi yake wa Malindi akapooza, na jamaa wakaamua kwamba yeye ndiye wa kwenda kumtunza, maana hakuwa na shughuli. Nilipanga kwenda kusema na ami zake. Nilifika hadi barazani kwao, nikanyweshwa kahawa, nikaulizwa hali yangu na ya wazazi wangu. Jambo lenyewe lilikuwa la ukoo wao, nami nilikuwa mpangaji wa juu. Niliaga bila kulitaja.

Aliondoka asubuhi moja na begi dogo. Mama yake aliendelea kuniletea mihogo yenye ndimu na pilipili, akiniita mwalimu kama kawaida, na hata siku moja hakunilaumu. Ningeona afadhali angenilaumu. Nilikuwa nikiipokea sahani mlangoni, nikimwambia ahsante, kisha nikikaa nayo mpaka ikapoa.

Binti aliolewa huko huko Malindi.